Sehemu ya Kumi na Nane

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza utakayoisoma kwa macho yako mwenyewe, kwa hiyo nimeandika herufi kubwa na kuruka mstari, kama ulivyoagiza. Hujambo lakini? Jicho la kushoto limeacha kuwasha? Mama ananiambia unaikataa miwani ya jua uliyopewa hospitali kwa madai kwamba inakufanya ufanane na mpiga gitaa. Ivae, Baba. Mpiga gitaa si tusi.

Mimi huku ni mzima. Chumba nilichopanga ni kidogo na dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, ila asubuhi kinapata mwanga na maji hayakatiki. Kazi ni ileile. Tangu kampuni ya uchapaji inihamishie tawi hili, nasoma prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, kutwa nzima. Wiki iliyopita ilikuwa kitabu cha jiografia, wiki hii ni kalenda. Msimamizi wetu hupenda kusema kwamba msoma prufu hana mdomo, anasahihisha kilichokosewa wala haongezi neno lake. Siku ya kwanza aliponiambia hivyo nilijikuta nainamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi mfukoni.

Nimesikia pia kwamba juzi umetunga uzi kwenye sindano bila msaada, ukazunguka nyumba nzima ukiionyesha, hata kwa yule bwana aliyekuja kusoma mita ya maji. Nilipokata simu nilicheka, kisha nikalia palepale kwenye ngazi za ofisi. Baba, nashukuru. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, nakushukuru na wewe uliyekubali upasuaji. Miaka miwili cherehani yako ilifunikwa shuka, nawe ukiwaambia wateja kwamba una watoto watatu, dada, mimi na mtoto wa jicho, na huyo wa tatu ndiye pekee asiyetaka kuhama nyumbani. Wao walicheka. Sisi tuliokuwa tukikusikia ukipapasa ukuta kwenda chooni hatukuweza.

Katika miaka hiyo kilichonipa furaha ni zile Jumamosi zetu. Saa kumi na moja jioni, wewe kwenye kiti chako, mimi kwenye kigoda karibu na televisheni, na ile tamthilia ya chombo cha angani ikianza kwa ngoma zake. Wao wanaongea lugha yao, mimi nakusomea maandishi ya chini na kukueleza kinachoonekana. Majina yao yalikushinda ukawapa ya kwako: nahodha ukamwita Bi Mkubwa, roboti ukamwita Bati, na yule mzee wa injini ukamwita Fundi, ukasema ndiye mtu pekee mle ndani anayefanya kazi. Mimi ukaniita Kasuku, ukanifundisha kusimulia, Baba. Nikisema amevaa koti, unauliza limeshonwaje. Nikisema amekasirika, unauliza nimejuaje. Hakuna mwalimu aliyenifunza kutazama kama wewe, na wakati huo hukuwa unaona.

Sasa nataka tuizungumze sehemu ya kumi na nane ya msimu wa nne. Unakumbuka wiki ya kabla yake chombo kilipasuka ubavuni na Fundi akaachwa nje akining'inia kwenye kamba. Wiki nzima hukuwa na raha. Na Jumatatu baada ya sehemu hiyo ndiyo ilikuwa siku yako ya upasuaji, ile ambayo ulikwisha kuiahirisha mara mbili, mara kwa sababu ya mafua, mara kwa sababu ya mazishi ya mtu uliyekuwa humjui vizuri.

Jumamosi ikafika. Uliniuliza mbona sisomi, mbona hakuna milio, Fundi yuko wapi. Nikakuomba usubiri. Ukauliza tena. Halafu ukaanza kukunja upindo wa kitambaa cha meza, ukiupima mshono kwa kidole gumba, na ukasema taratibu kwamba kama Fundi amesahauliwa hivihivi basi ndiyo dunia, mzee akichakaa anawekwa kando, na kwamba kesho nimpigie daktari nimwambie huji.

Ndipo nilipokuambia mlango umefunguka na Fundi ameingia. Nikakueleza kwamba mwanga wa ule mpasuko umemharibia macho, kwamba daktari wa chombo anaweza kumtibu lakini lazima alale akiwa macho, anasikia kila kitu. Fundi akakataa, akasema yeye anafanya kazi kwa kupapasa. Akachukua waya kuupitisha kwenye tundu lake, akakosa. Akakosa tena. Akauweka chini. Kisha akasema atakubali kwa sharti moja, Bati asimame karibu naye amweleze kila kinachofanyika, hatua kwa hatua, bila kumficha. Mama aliingia wakati huo na sinia la chai. Akatazama televisheni, akanitazama mimi, akaweka sinia mezani na kusema kwa sauti, masikini Fundi.

Uliiacha chai ikapoa. Jumatatu ulikwenda. Nesi aliniambia baadaye kwamba ulimpa sharti lilelile la Fundi, naye akakusimulia mwanzo hadi mwisho, sasa tunasafisha, sasa utaona weupe, na kwamba katikati ulimwita Bati, daktari akakuomba usicheke kwa sababu kichwa kinatikisika.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mambo mawili. La kwanza, Mama amenipigia kusema kwamba umeazima kanda zote kwa mjomba, unaitazama tamthilia upya kuanzia mwanzo, na umeshamaliza msimu wa pili. La pili ni kinyozi. Sikujua kwamba mmenuniana. Mama anasema uliwasimulia watu wote kibarazani kwake habari za Fundi na waya, na kinyozi akakuambia kwamba aliitazama sehemu hiyo na haina kitu kama hicho, ni upuuzi mtupu. Ukamwambia alisinzia. Akakuambia wewe ndiye usiyeona. Neno hilo lilikuwa baya, na ulikuwa na haki ya kuondoka. Lakini ni miezi minne sasa hujakanyaga pale, na Mama anasema nywele zako zimefika kwenye kola. Nilipomuuliza nifanye nini alinijibu kwamba ukilikoroga utalinywa, akakata simu.

Basi nalinywa. Baba, kinyozi hakusinzia. Mlango haukufunguka. Fundi hakuingia katika sehemu ile hata mara moja. Watu sita walikaa kwenye meza ya Bi Mkubwa kwa dakika hamsini wakikumbushana mambo ya misimu iliyopita, na kila mmoja alipokumbuka tulionyeshwa vipande tulivyokwisha kuviona, kama kuletewa viporo kwa sahani mpya. Kuhusu Fundi walisema neno moja, kwamba amepumzika. Tulisubiri wiki nzima tukaletewa hicho. Nilikuwa na hasira nao kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu wa kweli. Niliona aibu kukusomea. Na uliposema nimpigie daktari, niliogopa. Yaliyobaki niliyatunga mimi, macho kwenye kioo cha televisheni. Hata sehemu mbili za mwisho, ulipokuwa bado umefungwa bandeji, niliziongezea maneno ili zilingane na uongo wangu. Salamu zote za Fundi na Bati nilizokusomea humo ni zangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mpaka chumba cha upasuaji na kurudi. Ulikubali kukatwa jicho kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea, na mimi nilikuacha ukubali. Nisamehe. Sijui kama ningeweza kufanya vingine, lakini najua ilikuwa haki yako kuambiwa ukweli, wewe uliyekuwa ukiniuliza nimejuaje. Tafadhali nenda kwa kinyozi. Mwambie alikuwa sahihi, na kwamba kosa ni la binti yako. Naye akuombe radhi kwa neno lake, kisha akunyoe.

Nina likizo ya siku kumi mwisho wa mwezi. Nakuomba ukifika sehemu ya kumi na nane uisimamishe unisubiri. Safari hii kigoda ni chako. Mimi nitakaa kwenye kiti chako, nitafumba macho, na wewe utanisomea. Watakapokaa wale sita mezani na kuanza kukumbushana, na mimi nikakuuliza Fundi yuko wapi, nijibu utakavyo.

Msalimie Mama, mwambie nimelinywa lote. Msalimie dada na wanawe. Wasalimie na wa kibarazani, wakikubali salamu zangu.

Ni mimi binti yako mdogo, mwenye shukrani na mwenye mdomo,

Kasuku wako

Miwani, Baba. Ivae.