Kaka, Njia ya Ng'ombe Imepimwa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Namba yako haipatikani tangu mwaka juzi. Watu wa Itigi niliowauliza wanasema walikuona stesheni ukipakia mizigo, kisha hawakukuona tena. Ndiyo maana nimeiandika barua hii wazi. Anayekujua akusomee, hata kama utajifanya husikilizi.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua, lakini bado anakwenda Mkiwa kwa miguu na kurudi akilalamikia vumbi.

Nakukumbuka zaidi ulivyokuwa ukinipeleka sekondari kwa baiskeli, baada ya baba kufariki. Tukifika kwenye mchanga ulishuka ukasukuma, mimi nikabaki juu kama bibi harusi. Siku moja nilikuomba nishuke nitembee. Ukasema, "Kaa. Ukifika umechoka utasinzia darasani, nami nitakuwa nimesukuma bure." Nilimaliza kidato cha nne kwa miguu yako.

Sasa niseme habari za siku ile, na si kwa kukulaumu. Ng'ombe wa yule mfugaji, Luhende, walikuwa wakienda lamboni kunywa maji, wakakatiza katikati ya mtama wetu uliokuwa umeanza kubeba masuke. Ilikuwa mara ya tatu msimu ule. Mara mbili za kwanza ulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akakujibu, "Nitalishughulikia." Kumbe Luhende naye alikuwa amekwenda kulalamika kwamba hana pa kupitisha mifugo, akajibiwa maneno hayo hayo. Mara ya tatu hukwenda kwa mtu. Mlikutana shambani, kila mmoja na fimbo yake, ukamvunja mkono. Jioni ndugu zake wakachoma ghala letu. Kesho yake askari walikuja, wakakuchukua wewe peke yako.

Ulikaa mahabusu siku tano. Hukuandikishwa maelezo, hukufikishwa mahakamani. Mama alipeleka chakula kila siku, akaambiwa arudi nacho. Ulipotoka ulikuwa unachechemea. Nilikukanda mguu kwa maji ya moto, nikakuuliza walikufanya nini. Ukasema, "Niache kwanza." Asubuhi ulipanda basi la Itigi, na hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyobaki nayo.

Yaliyofuata huyajui. Mama ndiye aliyeniambia kwamba zamani, kabla hatujalima ule upande wa chini, ng'ombe walikuwa na njia yao pale. Viongozi wa kijiji waliigawa vipande vipande, na kipande kimoja ndicho alichopewa baba. Nilimkasirikia mama kwa kuniambia. Nilitaka sisi tusiwe na kosa hata kidogo.

Mkutano mkuu wa kijiji ulipoitishwa nilinyoosha mkono. Nikaomba usomwe muhtasari wa kikao kilichokubali njia ile igawiwe. Mwenyekiti alinikatiza.

"Binti, hayo ni maneno ya uchochezi. Kaa chini."

Kweli nilianza kukaa, kaka. Ndipo sauti ikatoka upande waliokaa wafugaji.

"Hata mimi nautaka huo muhtasari."

Alikuwa Luhende. Mkono wake uliunga vibaya, umepinda chini ya kiwiko.

Watu waligeuka kumtazama. Kisha mama mmoja akasema naye anautaka, na mwingine, na mwingine, mpaka mtendaji wa kijiji akasimama na kukiri kwamba haupo. Haukuwahi kuwepo. Hakuna aliyeondoka pale mpaka ilipoandikwa, mbele yetu sote, kwamba wilaya iombwe ilete wapimaji.

Ilichukua muda mrefu, na kuna siku nilikata tamaa kabisa. Lakini uchaguzi ulifika, mwenyekiti yule hakurudi. Ikaundwa kamati ya matumizi ya ardhi, nusu wakulima, nusu wafugaji. Nilichaguliwa. Luhende pia. Tulitembea njia nzima na wapimaji, kutoka kwenye maboma ya wafugaji hadi lamboni. Tulipofika kwetu, ule upande wa chini karibu wote uliingia njiani. Mama alisimama akaangalia vijana wanavyochimbia nguzo. Alichosema ni, "Sogezeni hiyo miba, mtajichoma." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Luhende alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akamwamkia mama, akavua kofia.

"Ghala lenu nilijua litachomwa," alisema. "Niliwasikia wakipanga, nikanyamaza, kwa sababu mkono ulikuwa unauma. Hilo ni langu, mama."

Mama alimsogezea kigoda. Luhende akakaa, kisha akanigeukia.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Sijui," nikasema.

"Ukimpata, mwambie nimekwenda kituoni nikaandika kwamba sina kesi naye. Siku ile nami nilikuja na fimbo."

Nilikwenda kuhakikisha. Ni kweli, ameandika.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Zile siku tano hakuna aliyezijibu. Pale Singida mjini nimempata mama mmoja msaidizi wa kisheria, anatoa msaada bure, na malalamiko tumeshayaandika. Lakini mimi sikuwemo mle ndani. Anasema lazima useme wewe mwenyewe, kwa maneno yako, na hatakuharakisha. Usipotaka kusema, njoo hivyo hivyo. Nilikuwa nadhani siwezi kuwa na amani mpaka haki yako ipatikane. Siku hizi naona naweza kuitafuta huku nacheka na mama, huku nakata maneno kwenye kamati na watu tuliokuwa tukiogopana. Ng'ombe wanapita asubuhi, wanakwenda, wanarudi, na hakuna anayekimbilia fimbo.

Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Sehemu yako ya juu, ile iliyo yako mwenyewe, nimeilima yote, lakini sijapanda. Nitasubiri wiki mbili, ardhi haitakubali zaidi ya hapo. Njoo useme unataka kupanda nini.

Mama anakusalimu sana, na anasema mlango unaujua.

Ni mimi,
mdogo wako.