Kode Uliyoenda Nayo

Riziki, mutoto wangu,

Ni mama yako. Ninaandika na kalamu nyekundu ya binti wako Gloria, usicheke mwandiko. Yeye ni muzima. Meno mbili za mbele zimeng'oka, na akilala anashika sikio langu vile alikuwa anashika lako.

Meza yako ya kubadilisha pesa iko palepale sokoni Birere. Mimi ndiye ninaikalia. Dola ninaipapasa kwanza, na yenye kupasuka hata kidogo ninairudisha, vile ulinifunza. Lakini simu yako... Tangu banki zifungwe kwa ajili ya vita ulikuwa unaweka yote mule, hata pesa ya shule ya Gloria. Kode, ile namba ya siri ya kuifungua, hukuniambia. Homa ilikuchukua siku tatu tu, nani angefikiria mambo ya kode? Nilikuwa nakuuliza kama unataka maji.

Nilijaribu mwaka wako wa kuzaliwa. Ikakataa. Nikajaribu wa Gloria. Ikakataa. Ikasema imebaki mara moja, kisha inafungwa. Na kuifungua, watu wa kampuni ya simu waliniambia, ni mpaka karatasi za tribinali, za korti. Mimi karatasi hizo za Kifaransa nitazisoma na nani? Nikaifunga simu ndani ya kitambaa. Siku hizi ninaogopa kila kitu.

Juma lililopita wabadilisha pesa tuliitwa kwa sale ya mikutano ya kanisa. Mwalimu mumoja wa chuo kikuu alikuja kueleza ile pesa uliyokuwa unaniimbia: Banki Kuu za inchi zetu hizi, siku moja, zitoe pesa moja isiyo na karatasi, inayokaa kwa simu ya mutu. Wewe ulikuwa unafurahi, "Mama, haitapasuka!" Na mimi nilikujibu kwamba pesa isiyoshikika ni ya mapepo. Siku ile nilikaa kwa kiti chako nikasikiliza kwa ajili yako. Alisema haijafika, bado wanaichunguza, wanatafuta hata namna ya kuilipa bila rezo, simu ikikosa mtandao.

Papa Safari wa meza ya jirani akapiga kelele: "Na sisi, Mwalimu, tutabadilisha nini? Hewa?" Watu wakacheka sana.

Nikasimama. Nikauliza: "Mutu akikufa, pesa hiyo inazikwa na yeye?"

Mwalimu akakamata kalamu. "Mama, hilo ni swali la kweli. Wacha niliandike." Tulipotoka akanikaribia akaniuliza polepole ni nani alikufa. Nikamwambia. Akasema watu wanachaguaka namba ambayo hawawezi kusahau.

Nikaenda na neno lile kwa miguu, nikirudi nyumbani. Karibu na Munigi ndipo nilikumbuka siku ya kuandikisha karti ya uchaguzi. Mama mwenye kuandika watu kwa mashini aliniuliza mwaka wa kuzaliwa, nikajibu ni mwaka ule mvua ilibeba daraja kule kwetu Masisi. Akakasirika. Wewe ukataja mwaka, hivi tu, kutoka kichwani, ukanipunguzia uzee, naye akauandika. Njia yote ulicheka: "Leo ni mimi nimekuzaa, Mama! Uniheshimu!" Toka siku ile ulikuwa unaniita mutoto wako hata mbele ya wateja.

Nikakaa juu ya jiwe la volkano. Nikatoa simu yako mule kwa kitambaa, na karti yangu yenye mwaka ule. Nikabonyeza zile namba ine za mwaka, moja, moja.

Ikafunguka.

Pesa sikuiangalia kwanza. Nililia mpaka watu wa pikipiki walisimama, walifikiri nimegongwa. Mwaka wangu wa uongo, Riziki. Kila siku ulikuwa unaubonyeza, na mimi sikujua.

Gloria anaingia shule Jumatatu. Ile pesa mpya ikifika nitaipokea, hata nikitetemeka, na kode yangu Gloria ataijua, nitamwambia na namna ulivyonizaa. Kwa yule mwalimu nitarudi, na nitarudi tena, mpaka swali lipate jibu. Hilo ninakuahidi.

Pumzika, mama yangu.

Ni mimi, mutoto wako.