Bei, ubora ao fasi

Bunia, mardi magaribi

Basi ile masomo ya biashara ya kwenye telefone iko hivi. Nilizani watanifundisha namna ya kupata mutaji mukubwa. Hapana. Somo ya kwanza: uende umuulize mutu mwenye aliacha kununua kwako, juu ya nini aliacha.

Siku mbili nilikuwa naikimbia. Nikauliza dada yangu, akacheka: «Miye sinunuaka, nakulaka tu bule.»

Leo nikajikaza, nikaenda kwa Mama Sifa, jirani yetu wa hapa Lumumba. Miezi sasa anapita mbele ya meza yangu ya bunga ya muhogo, anaenda kununua kwa mwingine. Hakukasirika. Akasema polepole: «Mama Neema, bunga yako iko muzuri. Lakini siku nilinunua ya matanga ya mama yangu, weye ulinipimia kama mugeni. Hata matabishi kidogo juu ya kipimo hukuongeza.»

Ni kweli. Siku ile nilikuwa na haraka, na…

Telefone inataka jibu moja tu juu ya nini aliacha: bei, ubora ao fasi ya kuuzia. Ya matanga haiko. Nikabonyeza «bei» ili inifungulie somo ya pili.

Kesho nitamupelekea bunga ku nyumba. Sijui kama atapokea.