Riale ya Bibi Haikuonekana

Mtaa wa Mkomani,
Lamu.
Jumapili, 14 Januari 2024

Mpendwa Mama Mkubwa Umulkheir,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Baba Mkubwa Madi na watoto. Goti lako linaendeleaje? Tulisikia daktari amekuruhusu kupanda ngazi tukafurahi sana, ila Mama anasema usijifanye msichana. Baridi ya huko imepungua? Sisi hapa miili ni mizima, alhamdulillahi. Ya moyoni nitakueleza polepole.

Barua anakuja nayo Alawiya, jirani yetu, anayerudi huko Birmingham. Najua utashangaa kwa nini sikukutumia sauti kwenye simu kama kawaida yetu. Bibi amekataa. Amesema jambo hili lisikukute ndani ya basi au dukani. Anataka ulipate likiwa limekunjwa, ukae chini, ndipo ulifungue. Basi ikiwa umesimama, tafadhali kaa.

Lakini kwanza niache nikupe furaha yangu, maana nisipoitoa nitapasuka. Mama Mkubwa, ndoa ni tamu! Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kumtamani mume wake ilhali yuko chumba cha pili anatafuta shati. Nabhan, kama ujuavyo, ni fundi wa mafriji. Anarudi ananuka samaki wa watu, na mimi naona ananukia udi. Juzi alikwenda Kiwayu kutengeneza friji la hoteli moja, akaniletea barafu ndani ya chupa ya chai, kwa sababu tu nilisema maji ya mtungi hayakupoa siku ile. Barafu kutoka Kiwayu! Ilipofika ilikuwa maji matupu, tukayanywa hivyo hivyo tunacheka. Mama anasema nimeharibika akili. Nikisikia viatu vyake pale dakani, mlangoni mwa nyumba, mwenyewe najikuta nimeshasimama.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu naona haya kuwa na furaha kubwa hivi katika nyumba ambayo Bibi, mama yako, hali akashiba.

Unakumbuka ulivyoniuliza kwenye simu, mbona katika vile vipindi vya vitu vya kale unavyovitazama huko, watu wanaleta viti, saa, sahani na picha, lakini sarafu huzioni? Nilikujibu kwamba sijui. Sasa najua, na natamani ningebaki sijui.

Mwezi uliopita walikuja watu wa televisheni kutoka Nairobi, wanatengeneza kipindi kama hicho cha huko kwenu. Walitangaza kwenye redio kwamba mwenye kitu cha kale akilete, mjuzi wao atakitazama na kusema ni cha zamani gani na kina thamani gani. Waliweka meza zao katika ua wa nyumba moja ya wageni huku Mkomani. Walisema kipindi kitarushwa kwa setilaiti hadi Arabuni. Bibi aliposikia neno Arabuni aliacha kisamvu jikoni kikaungua.

Unajua alichofikiria. Tangu Mjomba Kamaludin apige simu ile ya mwisho kutoka Mukalla, huko Arabuni, mimi nikiwa darasa la sita, hakuna siku ambayo Bibi hakutafuta ndia ya kumfikia ndugu yako. Na unaijua ile sarafu ya riale ya fedha aliyompa alipokuwa anaondoka, aliyoitoa kwenye mkufu wa harusi. Zilikuwa mbili, zile ambazo sonara alikosea akatoboa tundu upande wa shingo, hata ukizivaa yule mwanamke wa Kizungu aliyechorwa juu yake ananing'inia kichwa chini. Moja alikwenda nayo Mjomba, moja ilibaki. Siku ya harusi yangu niliivaa, wanawake wakanitania kwamba mgeni wangu wa heshima ameanguka ngazini.

Nabhan alikuwa ameshaipiga picha kwa simu na kuiweka katika makundi ya watu wa Lamu walio Arabuni. Walijibu wengi. Wote waliuliza inauzwa kiasi gani. Bibi alisema picha za simu huonwa na mwenye kutafuta, lakini televisheni humwangukia mtu hata asiyetafuta.

Mimi nilimwambia, Bibi, kwa nini usiende wewe mwenyewe ukasema jina lake, akusikie? Akanitazama kama mtoto.

"Mwanangu yuko mkahawani nti ya watu," akasema. "Televisheni iko juu ukutani, watu wanapiga kelele. Sauti yangu ataisikia wapi? Na uso wangu, wewe unajua, sijapata kuufunua mbele ya wanaume wa ndiani, nitaufunua mbele ya dunia nzima? Riale ndiyo uso wangu. Akiinua mato akaiona kichwa chini, atajua."

Nilimwelewa. Wewe mwanawe utamwelewa zaidi.

Asubuhi ile aliamka akaloweka ukwaju, akachekecha jivu, akaisugua ile riale kama tunavyosugua fedha zote kabla ya harusi. Alisugua mpaka vidole vikachubuka. Nilitaka kumsaidia akanifukuza. Ilipotoka majini iling'aa mpaka huwezi kuitazama juani. Tukavaa mabuibui tukaenda, Bibi, mimi na Nabhan, Bibi ameifumbata mkononi kama anayepeleka kifaranga.

Mjuzi wao ni mwanamke, anaitwa Chelangat, mtu mpole mwenye miwani. Mbele yetu kulikuwa na mzee aliyeleta mbuzi ya kukunia nazi ya bibi yake. Ilipigwa picha, yeye akapigwa picha ameikalia, watu wakacheka vizuri. Tukasogea. Bibi akafungua kiganja. Nikaona uso wa Chelangat unabadilika, akamshika Bibi mkono kabla hajasema neno.

Alisema, "Bibi, nisamehe. Sarafu hatuzionyeshi."

Nabhan akauliza kwa nini. Chelangat hakutupa jibu la kutufukuza, Allah amjazi kheri. Alituketisha akatueleza. Alisema kiti mtu anakiona akiwa hata mwisho wa chumba, akampenda na mwenye kiti, lakini sarafu lazima kamera isogee mpaka mwenyewe atoweke, na kipindi ni cha watu. Tena riale kama hii imepigwa kwa maelfu na maelfu, zote zina mwaka ule ule juu yake, hata zile zilizopigwa miaka mingi baadaye. Mbili unaweza kuziweka pamoja ukaziona pacha, kumbe moja ni ya bei ya kuku na nyingine ya bei ya ng'ombe, na kinachozitenganisha ni vitone ambavyo mtazamaji hatavikuta kwenye televisheni yake. Wanaozijua wana vitabu vyao na minada yao. Na kila nyumba ina kopo la sarafu, wakifungua mlango huo hawataufunga. Halafu, akasema kwa sauti ya chini, iliyotobolewa na kusuguliwa, wenye kuzikusanya hawaitaki.

Bibi alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi siuzi. Mimi nataka ionekane tu."

Hapo ilibidi nieleze habari ya Mjomba. Nilieleza vibaya, nilikuwa nalia. Mpiga picha wao, kijana mmoja Fanuel, akasema, "Madam, si tujaribu tu? Hata sekunde chache. Tutaiweka mwishoni."

Wakajaribu. Walitandaza mezani ukaya mweusi wa kujifunika kichwa, wakaiweka riale juu yake, Fanuel akainama karibu mpaka nikadhani ataimeza. Akazungusha taa, akazima taa, akamwomba Nabhan asimame afanye kivuli. Mwisho akatuita tutazame katika kioo kidogo cha kamera. Mama Mkubwa, hakukuwa na kitu. Duara jeupe tu linawaka. Mwanamke hayupo, kichwa hakipo, si juu wala chini.

Bibi akauliza, "Yuko wapi?"

Fanuel akasema zile riale zilizoachwa na weusi wake huwa zinashika picha, kwa sababu weusi ule unakaa mashimoni na ndio unaochora sura. Hii imesuguliwa miaka mingi, sura imelala, na ile iliyobakia inazimwa na mng'ao. Hakusema kwa ubaya. Hakujua vidole vya Bibi vilikuwa vimechubuka.

Bibi akaondoa macho kwenye kamera. "Basi nimpelekee mwanangu kitu kichafu?" akasema.

Chelangat akamwomba alete kile kiti chetu cha zamani, au sahani za ukutani, aonekane nazo, hata uso ukifunikwa. Bibi alimshukuru. Alisema viti viko nyumba nyingi, Kamaludin atakiona apite. Tukarudi nyumbani. Nabhan alimshika mkono mmoja na mimi mwingine, na yeye hakutaka kuonekana anashikwa, akawa anasema, "Niacheni, mimi si bi harusi."

Nilidhani atalia, kisha itakwisha. Hakulia. Aliiweka riale kwenye kasha na tangu siku ile hajaiuliza. Mazungumzo yake ni machache. Mama akimpikia mkate wa mofa anaokula siku zote, anaukata vipande anawapa paka.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lenyewe. Ijumaa hii baada ya sala, Bibi alimwita Nabhan akae naye barazani. Akamwambia amwendee maalim, amwulize kuhusu kumsomea Kamaludin hitima. Nabhan akajifanya hakusikia vizuri, akasema, hitima ya kumwombea salama? Bibi akasema, "La. Ya maiti."

Mama alipopata habari alilia mpaka majirani wakaja. Kisha akasema yeye atafuata atakalosema mama yake, kwa kuwa Bibi ndiye aliyemzaa Kamaludin. Lakini Bibi amesema hasomewi mtu hitima mpaka wewe uridhie. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye uliyembeba Kamaludin mgongoni Bibi alipokuwa mgonjwa. Amesema ukikataa atangoja, na ukikubali watasoma, na kwa lolote hatakulaumu.

Mimi sina haki ya kukupa rai. Nimeolewa juzi, na kichwa changu hakiko sawa. Nabhan akichelewa kutoka Mokowe kwa muda wa chai tu, nimeshamzika na kumfufua mara nyingi. Nikimwuliza Nabhan, anasema huenda Bibi amechoka kungoja na anataka mahali pa kuweka machozi yake. Labda ni kweli. Lakini mimi namwona ameketi pale, na naona kana kwamba anataka kujiadhibu kwa sababu aliisugua ile riale. Kama ni hivyo, si haki. Ndilo peke yake ninalotaka ulipime kabla hujajibu. Kisha useme kama moyo wako unavyokuambia, na usichelewe.

Nisamehe kwa kukuletea uzito huu ilhali nilitaka barua yangu ya kwanza nikiwa mke wa mtu iwe ya picha za harusi tu. Picha nimezitia humo humo ndani ya bahasha. Ile ambayo Nabhan amefumba macho usiwaonyeshe watu, ananuna.

Mama anakusalimu sana, Nabhan anakusalimu na anakuombea goti lako, Bi Zamzam wa jirani anasema bado anakungoja mle pamoja. Bibi anakubusu mikono na macho. Nisalimie Baba Mkubwa Madi, Husni na Shukri.

Nilipofika hapa nilimsomea Bibi majina ya watu wa kusalimiwa huko, nione kama nimesahau mtu. Akasikiliza, akauliza, "Na Kamaludin?" Nikamwuliza nimtie au nimwache. Akasema, "Mtie. Mpaka dadake aseme."

Basi nisalimie Baba Mkubwa Madi, Husni, Shukri, na Mjomba Kamaludin, mkionana.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini, akupe afya, na atukutanishe sote kwa kheri.

Ni mimi mwanao anayekupenda siku zote,

Nusra