Mursik Tuliyokunywa Mapema

Jumapili jioni

Matokeo ya mbio za magari yamebadilishwa. Tulikuwa wa pili, sasa hatumo kabisa.

Kosa ni langu. Kakangu Kiprono aliendesha vizuri kutoka asubuhi mpaka tulipomaliza Boito. Mimi kazi yangu ilikuwa kadi ya muda tu, itiwe sahihi kila kituo. Kituo cha Londiani nilimkuta mzee wa kanisa letu ndiye msimamizi. Nikamsalimia, nikamuuliza habari ya ng'ombe, tukaondoka. Kadi hakuitia sahihi.

Walipotutangaza, mama alitunywesha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, mbele ya watu wote, vile washindi hupokewa. Baadaye ndio wakakagua kadi.

Kiprono hajanilaumu. Afadhali angenitukana.

Mama anaosha kibuyu. Ameniuliza kitu kimoja tu: "Sasa ile mursik mlikunywa ni ya nini?"