Mstari Mwekundu wa Baray

Baba yangu,

Imevuka. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, salamu ungeziruka ukaniuliza kwanza kipimo kinasemaje. Basi jana mchana zebaki imeupita mstari wako mwekundu.

Uliuchora kwa rangi ya kucha ya mama, pembeni ya kipimajoto, siku alipoanguka kwa joto katikati ya vitunguu, huku bondeni Baray, akiwa na mimba yangu. Ukamwahidi, "Siku joto likivuka hapa, tunahama. Tunapanda Karatu kwa ndugu zako, kwenye baridi."

Ahadi ile ndiyo ikawa kifungo chetu. Miaka yote ile ya tisini, kila mfereji ulipokauka na bati kuanza kulia juu ya vichwa vyetu, mama alikufuata mpaka kwenye kisanduku cheupe ulichopewa na ofisi ya hali ya hewa, usome joto la kila siku. Unachungulia, unakohoa, unasema, "Bado kidogo." Bado kidogo! Mimi nimekulia ndani ya neno hilo. Wenzangu kanisani waliomba mvua. Mimi, Mungu anisamehe, niliomba jua.

Halafu mchana ule mama alipoweka jiko la mkaa chini ya kisanduku! Ulilitoa huku unarukaruka kwa kuungua, "Mke wangu, unapika maharage au unapika kipimo?" Tulicheka mpaka mama akakaa chini. Kisha akaanza kulia, na wewe ukachukua jembe ukaenda shambani. Hilo bado linaniuma.

Mwaka jana tulikuzika nyuma ya nyumba, karibu na kisanduku chako. Kazi ya kusoma kipimo nikaishika mimi. Jana nilipoona, nilikimbia na ndala moja mguuni.

"Mama, imevuka! Funga mizigo!"

Alikuwa anakata majani ya vitunguu. Wala hakuinua kichwa.

"Na baba yako tunamwachia nani?"

Nina hasira na wewe, Baba, na nimekukumbuka mno, vyote kwa pamoja. Mama hawezi kukuacha, mimi siwezi kumwacha mama, na joto ndilo hili.

Leo asubuhi nimemkuta kwenye kisanduku, kichupa cha rangi ya kucha mkononi. Amechora mstari mwingine, juu ya wako.

"Likivuka hapa," akasema, "tutahama."

Pumzika, Baba. Sisi tupo hapa hapa.

Binti yako wa kwanza