Kesi ya Jenifer na Ng'ombe wa Mogga

Mvara, Arua
20 Februari 1992

Mpendwa binti yangu Margarita,

Pokea salamu za baba yako mkubwa. Hali yako hapo Kigumba? Mahindi yalikubali? Mimi siwezi kusema mzima. Miguu imevimba, na mwandiko unauona mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda mazishini Abuku, nikapita kwa Wani aliyekuwa mumeo kumwona mwanao. Ilikuwa siku ya shule, lakini Jenifer alikuwa analima, mtoto wa mama wa kambo mgongoni. Wani akapaza sauti: "Shahidi wangu amekuja! Kamateni kuku!" Watu wakacheka. Kuku huyo sikumla.

Jenifer alinisindikiza hadi barabarani. Akaniuliza, "Babu, kweli ulimwambia hakimu mama hanitaki?"

Kweli nilimwambia. Siku ile hakimu alituita wazee chumbani kwake, wewe ukabaki nje. Amri ya kwanza ilikupa wewe mtoto, na Wani alitakiwa kuleta unga na karo. Aliporudi kutoka Zaire akaomba ibadilishwe. Nami, mzee wa upande wako, nikasema unazunguka mpakani na biashara, mtoto analala kwa majirani, humtaki.

Wazee wa Wani walikuwa wameniambia kwamba mtoto akibaki kwako, watadai kurudishiwa ng'ombe wa mahari yako. Ng'ombe hao nilikuwa nimeshawatoa kumwozea Mogga mke. Niliogopa ng'ombe wakirudishwa mwanangu atanyang'anywa mke, nikakuacha wewe unyang'anywe mtoto. Ukaja kulia magotini pangu, nikakubembeleza. Mke mwenyewe wa Mogga alishaondoka zamani.

Wiki iliyopita nilipakiwa kwenye baiskeli hadi mahakamani, nikasema yote. Hakimu wa sasa ni kijana. Alinikemea vibaya, kisha akanieleza la kufanya. Amri inaweza kubadilishwa tena, ya mtoto na ya matunzo, lakini lazima mama aje mwenyewe kuomba. Kesi ni Jumatatu, 16 Machi. Usipofika, inafutwa.

Msamaha sikuombi. Njoo tu.

Msalimie dada yako Viktoria na wanawe. Mama Mogga anakusalimu. Ameshamtandikia Jenifer kitanda. Mungu akutangulie njiani.

Daktari hanifichi kitu. Ukifika Mvara siku ya kesi ukasikia wananililia, usiingie. Watasema umemkosea heshima baba yako, waache waseme. Nenda mahakamani. Kaburi langu utalikuta baadaye, ukitaka.

Ni mimi nikupendaye, nimechelewa,
Silvester Lokule